CHUO KIKUU HAKIENDESHWI KWA SHEREHE



Kwa kawaida karatasi hii huzungumza juu ya mishahara, nyumba za wafanyakazi, likizo na malipo ya saa za ziada. Leo tunaomba nafasi ya kusema juu ya chuo kikuu. Tunajua wako watakaouliza, "Sisi watu wa nyundo na mataruma tuna shauri gani na maprofesa?" Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kwanza.

Shauri letu la kwanza ni fedha. Kila mwisho wa mwezi kodi hukatwa katika mshahara kabla mkono haujaushika, na tukienda dukani kununua sabuni, kodi nyingine imo ndani ya bei. Sehemu ya fedha hizo huendesha vyuo vikuu. Mwenye kulipa nauli ana haki ya kuuliza gari linakwenda wapi.

La pili ni watoto wetu. Mtoto wa mfanyakazi hana shamba kubwa la kurithi wala duka la baba. Urithi wake ni masomo. Akiingia chuo kikuu akakuta darasa halina mwalimu, mashine ya kujifunzia imekufa, na masomo ya miaka minne yanageuka kuwa ya miaka sita, aliyeibiwa ni sisi. Tajiri humpeleka mtoto wake Uingereza au Marekani. Sisi hatuna pengine pa kumpeleka.

La tatu, ndani ya chuo kikuu mna wafanyakazi kama sisi. Fundi wa maabara, mpishi, karani, askari wa lango na mhadhiri mwenyewe, wote wanaishi kwa mshahara. Wakikatwa fedha za malipo ya uzeeni na fedha hizo zisifike zinakotakiwa kufika, hayo ni mateso ambayo mfanyakazi ye yote anayafahamu bila kufundishwa.

Basi neno letu ni hili. Chuo kikuu kipangwe kwa kuanzia mwalimu, maabara na uchunguzi, kisha ndipo ihesabiwe idadi ya wanafunzi. Na fedha za mambo hayo matatu ziwekwe kando kila mwaka, zisiguswe kwa kazi nyingine. Kwa miaka mingi nchi yetu imefanya kinyume. Imeanza na idadi na sherehe, na mwalimu akaachwa atafutwe baadaye.

JINSI KAZI ILIVYOANZA

Si kweli kwamba chuo kikuu ni kitu kilichoanguka kutoka juu kwa ajili ya wenye suti. Makerere, mama wa vyuo vya Afrika ya Mashariki, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Chuo cha Nairobi nacho kilianza kwa ufundi. Kiliitwa Royal Technical College, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1956. Ndani yake mlitiwa pia mchango wa watu: Wahindi wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamechanga fedha ili kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi, na mwaka 1954 wakakubali kuziunganisha na fedha za chuo hicho. Dar es Salaam nako, mwaka 1961, walianza na masomo ya sheria peke yake, katika nyumba ya chama cha TANU mtaa wa Lumumba.

Mwaka 1963 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa vikawa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, maana hapa palikuwa na mpango. Waliohusika walijua kwamba shule ya udaktari ni ghali, na shule ya uhandisi ni ghali, na nchi tatu changa haziwezi kila moja kuwa na kila kitu siku moja. Wakagawana kazi. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Kijana wa Kisumu alipanda gari la moshi akasoma Kampala, na kijana wa Uganda akasoma Nairobi, na reli iliyowabeba ilikuwa moja, na mali ya nchi zote.

Mpango huo ulikuwa na taabu zake. Kila nchi ilitaka madaktari wake, wanasheria wake na wahandisi wake, na hilo halikuwa kosa. Nairobi ilianza shule yake ya udaktari mwaka 1967, na mwaka 1970 chuo kikuu kikagawanyika kuwa vitatu. Reli yetu nayo ikagawanyika mwaka 1977. Hatuandiki haya ili kulilia mambo yaliyopita. Tunataka ionekane kwamba palikuwa na wakati ambapo watu waliketi, wakahesabu walimu na vyombo walivyo navyo, ndipo wakasema: hapa tutafundisha hili, na pale lile.

WANAFUNZI WALIONGEZWA, WALIMU WAKAACHWA NYUMA

Tazameni mambo yalivyokwenda Kenya baadaye. Chuo kikuu cha pili, Moi, kilianzishwa mwaka 1984. Mwaka 1987 waliingizwa wanafunzi wa miaka miwili kwa mara moja, kwa sababu vyuo vilikuwa vimefungwa baada ya machafuko ya mwaka 1982 na foleni ikawa ndefu. Mwaka 1990 jambo hilo likatokea tena: wale wa mwisho wa Kidato cha Sita na wale wa kwanza wa mtindo wa 8-4-4 wakaingia pamoja. Vitanda vikapungua, viti vikapungua, na mwalimu aliyekuwa akifundisha watu arobaini akajikuta mbele ya mamia.

Mwaka 1991 wanafunzi wakaanza kulipa karo, na mwaka 1995 sheria ikaunda Bodi ya Mikopo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo ya kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Tuseme haki juu ya masomo hayo. Wafanyakazi wengi walisoma jioni baada ya kazi, wakapata shahada ambazo hapo awali hawakuziota. Hilo lilikuwa jema. Lakini fedha zile zilizoingia kwa wingi zilitumiwa namna gani? Zilipaswa kuwasomesha walimu vijana na kununua vyombo vya maabara. Badala yake nyingi zilikwenda katika maghorofa, magari na matawi yaliyofunguliwa kila mji, mengine juu ya maduka na karibu na mabaa. Mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Chuo Kikuu ikalazimika kuamuru matawi mengine yafungwe.

Kati ya mwaka 2012 na 2013 vyuo vikuu vya umma vilitoka 7 vikawa 22. Sherehe zilikuwa nyingi. Kila mkoa ulipiga ngoma, hati ikatolewa, jiwe la msingi likafunuliwa. Lakini mhadhiri hapatikani kwa kufunua jiwe. Hesabuni wenyewe: miaka minne ya shahada ya kwanza, miaka miwili ya shahada ya pili, kisha miaka mitatu au minne au zaidi ya shahada ya udaktari. Hiyo ni miaka kumi kwa mtu mmoja. Vyuo kumi na vitano vilipata hati kwa muda usiofika miaka miwili. Je, walimu wao walikuwa wamepandwa lini? Mwaka 2014 Tume ilitoa sharti kwamba mhadhiri awe na shahada ya udaktari, na ikatoa miaka mitano. Sharti lilikuwa zuri. Lakini sharti bila fedha za kuwasomesha watu ni kama kumwambia fundi atengeneze injini na kumnyima spana. Miaka mitano ikaisha mwaka 2019, na wengi bado hawakuwa nayo.

Kisha pigo likaja. Mwaka 2015 waliopata alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa Kidato cha Nne walikuwa zaidi ya 165,000. Mwaka 2016, wizi wa mtihani ulipozuiwa, walishuka chini ya 90,000, na mwaka 2017 wakawa kama 70,000. Wote hao waliweza kuingia kwa udhamini wa serikali, kwa hivyo wa kujilipia hawakubaki. Mfereji wa fedha ukakauka kwa muda mfupi. Wakati huo huo serikali ilikuwa imeahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi, lakini fungu lililotolewa kweli kweli likapungua mwaka kwa mwaka hata likafika karibu nusu. Madeni ya vyuo vikuu vya umma yakapita shilingi bilioni 60. Na katika madeni hayo mna fedha zilizokatwa katika mishahara ya wafanyakazi kwa ajili ya uzee wao na vyama vyao vya akiba.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kulisoma kabla ya kupiga ngoma.

NJIA ISIYOTAZAMWA HUANGUKA

Sisi watu wa reli tuna jambo moja tunalolijua kuliko wengi. Abiria huona behewa lililopakwa rangi mpya, akafurahi. Haoni kokoto chini ya taruma, wala haoni genge la watu wanaotembea na nyundo alfajiri wakikaza misumari. Lakini ni genge lile linalomfikisha salama. Ukitaka kuokoa fedha kwa ujinga, punguza genge. Mwaka wa kwanza hakuna atakayeona neno. Mwaka wa pili treni itaambiwa ipunguze mwendo mahali fulani. Mwaka wa tano majani yatakuwa juu ya reli. Njia ya Nanyuki iliachwa hivyo kwa miaka mingi, mpaka ilipofufuliwa mwaka 2020, na kufufua si kazi ya senti ndogo.

Chuo kikuu ni vivyo hivyo. Jengo na lango ni behewa lililopakwa rangi. Genge lake ni mhadhiri anayesahihisha kazi za wanafunzi, fundi anayetengeneza darubini, mtunza vitabu, na dawa za maabara zinazonunuliwa kila muhula. Mambo hayo hayafunguliwi na mgeni wa heshima. Hayapigwi picha. Ndiyo sababu fedha zao ndizo zinazokatwa kwanza. Na mwaka wa kwanza hakuna atakayeona neno. Hasara yake huonekana baadaye, siku mhandisi mwenye shahada anapofika kazini akiwa hajawahi kugusa mashine ile aliyoisomea, na mzee wa karakana akaanza kumfundisha upya. Wanachama wengi wamewafundisha vijana wa namna hiyo. Hatuwacheki. Walinyimwa.

MOTOKAA ILIYOPITA KARAKANANI KWETU

Upo ushuhuda ambao wazee wa karakana za reli za Nairobi wanaujua. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze motokaa ya Kenya, hata ikiwa mbaya wa sura au ya polepole. Wahandisi wa chuo wakaingia kazini, na karakana za reli zikashiriki. Magari matano ya majaribio yakatengenezwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, na yaliweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Mwaka 1990 yakaonyeshwa kwa watu kwa shangwe kubwa.

Kisha ikawaje? Kampuni ikaundwa ili itengeneze magari mengi, lakini fedha hazikupatikana, na hakuna mwananchi aliyewahi kununua hata moja. Kutokana na kazi ile kulizaliwa kiwanda cha vipuri, Numerical Machining Complex, mwaka 1994, wenye hisa wakiwa Shirika la Reli na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hivyo kazi haikupotea yote. Lakini fikirini: profesa na fundi wa kukereza chuma waliwekwa chumba kimoja wakafanya jambo ambalo nchi ilidhani haliwezekani. Akili ilikuwapo, mikono ilikuwapo, chuma kilikuwapo. Kilichokosekana ni mpango wa mwaka wa tano, wa sita na wa kumi. Kila mtu alikuwa amejitayarisha kwa siku ya maonyesho, na hapakuwa na fungu lililowekwa kwa siku iliyofuata.

Uchunguzi, au utafiti kama wanavyouita wenyewe, si kitu cha siku moja. Chukueni mbegu ya maharagwe. Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, kimetoa maharagwe yanayoitwa Chelalang, Tasha na Ciankui, na wakulima wameyapanda. Mbegu kama hiyo huchukua miaka mingi tangu siku ya kuchanganya aina mbili mpaka siku ya kumfikia mkulima. Msimu mmoja ukikosa fedha, mimea ya majaribio ikifa shambani, hurudi nyuma miaka kadhaa. Mvua haingoji Hazina itoe hundi.

FEDHA ZA WATU WENGINE

Wengine husema, "Utafiti unalipwa na wafadhili kutoka nje, hautusumbui." Hapo ndipo penye hatari. Tuna mfano wa heshima. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Canada, wamefanya uchunguzi wa magonjwa ya zinaa na UKIMWI pamoja na wanawake maskini wa Majengo, Pumwani. Katika wanawake hao walionekana wachache ambao, ingawa walikutana na virusi mara nyingi, hawakuambukizwa. Dunia nzima ilijifunza kutokana na damu ya wanawake wa Majengo. Kazi ile iliwezekana kwa sababu iliendelea miaka kwa miaka, wala haikukatwa baada ya miezi sita.

Lakini fedha za namna hiyo nyingi hutoka ng'ambo. Na Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki na kazi nyingi za uchunguzi katika Afrika zilitikisika au zikasimama, na wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Hatuwalaumu Wamarekani kwa kutumia fedha zao wapendavyo, ni zao. Tunajilaumu kama nchi kwa kuweka sufuria yetu yote juu ya jiko la jirani.

Wala si kwamba sheria haipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ikasema upewe na Hazina asilimia mbili ya pato la nchi kila mwaka. Asilimia mbili! Imeandikwa, imetiwa sahihi. Tangu siku ile Mfuko umepata sehemu ndogo sana ya hiyo. Mfanyakazi akiahidiwa shilingi mia akapewa shilingi mbili au tatu, angeita mkutano siku ile ile.

JUU YA WAHADHIRI NA MIGOMO

Mwaka 2017 wahadhiri waligoma zaidi ya mara moja. Mwaka 2018 wakagoma kwa muda mrefu. Mwaka 2024 wakagoma tena, na mwaka 2025 wakagoma siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mapatano ya miaka ya 2017 hadi 2021. Serikali ikakubali kulipa kwa mafungu mawili.

Tumesikia wanachama wakinung'unika: "Hawa wanapata mshahara mzuri kuliko sisi, na bado wanawaacha watoto wetu bila masomo." Uchungu wa mzazi twaujua, nasi ni wazazi. Lakini ndugu, tusikilizane. Mapatano yaliyotiwa sahihi na kusajiliwa mahakamani ni mapatano. Ikiwa ya mhadhiri yaweza kukaa miaka bila kulipwa, yetu je? Mwajiri anayeona mapatano ya mwenye shahada tatu yanavunjwa bila aibu hataogopa kuyavunja ya mtu wa genge.

Tena tuseme na kwa wahadhiri, kwa heshima, kama wafanyakazi kwa wafanyakazi. Mnapodai mishahara, dai lenu ni la haki. Lakini tunaomba mdai kwa sauti ile ile maabara, vitabu, na nafasi za kuwasomesha vijana watakaowafuata. Wazazi wakiona mnagombea darasa pamoja na mshahara, watasimama nanyi langoni.

SWALI GUMU

Twajua swali ambalo mtu mwenye akili atatuuliza. "Mkisema wanafunzi wahesabiwe kwa kufuata walimu waliopo, je, hamtafunga mlango? Na mlango ukifungwa, atakayebaki nje si mtoto wa waziri, ni mtoto wenu."

Swali hilo ni zito, na hatulikimbii. Kwanza, mlango ulio wazi na chumba kisicho na mwalimu si nafasi. Ni deni. Mtoto atatoka huko na karatasi na mkopo wa Bodi shingoni, na kazi asipate. Pili, kuna njia nyingine zenye heshima. Vyuo vya ufundi vinaweza kumfanya kijana fundi wa umeme au wa mabomba mwenye chakula chake, na nchi ina haja naye. Tatu, nafasi zilizopo zigawanywe kwa haki, na mtoto wa maskini aliyefaulu awe wa kwanza kusaidiwa. Mwaka 2023 serikali ilileta mtindo mpya wa kuwagawa wanafunzi kwa madaraja, kila mmoja na msaada wake, mkopo wake na sehemu ya wazazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaona kuwa mtindo huo haukupatana na Katiba, na shauri likaenda katika Mahakama ya Rufani. Hatutaki kuwa mahakimu. Tunasema tu kwamba wazazi wengi hawakuelewa mtoto wao aliwekwaje katika daraja lile, na hesabu ambayo mlipaji haielewi haidumu.

Nne, na hili ndilo kubwa: walimu wakiongezwa kila mwaka kwa mpango, nafasi nazo zitaongezeka kila mwaka. Hatutaki mlango ufungwe. Twataka uongezwe upana na fundi wa milango, usibomolewe na umati.

MAMBO TUNAYOTAKA

Kulalamika bila kutaja dawa ni kazi ya mvivu. Kwa hivyo twataja mambo matano.

Kwanza, kila chuo kikuu cha umma kitangaze kila mwaka, kwa lugha ambayo mzazi anaifahamu, kina walimu wangapi katika kila somo, kina vyombo gani vinavyofanya kazi, na kwa hivyo kinaweza kufundisha wanafunzi wangapi sawasawa. Wanafunzi wapelekwe kwa kufuata hesabu hiyo.

Pili, liwekwe fungu la matengenezo ya maabara, karakana na maktaba, na liwe haramu kulihamisha kwa safari, magari au sherehe.

Tatu, kila mwaka, mvua inyeshe au isinyeshe, idadi fulani ya vijana hodari wasomeshwe kwa fedha za umma mpaka shahada ya udaktari, kwa mapatano kwamba watarudi kufundisha. Tukianza leo tutavuna baada ya miaka kumi. Tusipoanza, baada ya miaka kumi tutakuwa tukiulizana swali hili hili.

Nne, serikali itangaze itafika lini asilimia mbili ya utafiti iliyoandikwa katika sheria, na itapanda ngapi kila mwaka. Fedha za wafadhili zipokelewe kwa shukrani, lakini ziwe kitoweo, si ugali. Na vyuo vigawane kazi kama ilivyofanywa mwaka 1963: mashine ya bei kubwa inunuliwe moja, itumiwe na vyuo vitatu au vinne, badala ya kila chuo kununua nusu ya mashine. Karakana za reli na za viwanda nazo zifunguliwe kwa wanafunzi wajifunze penye chuma cha kweli.

Tano, mapatano ya mishahara yatiwe ndani ya makadirio ya serikali siku yanapotiwa sahihi, na kila senti inayokatwa kwa mfanyakazi wa chuo ifike inakokwenda mwezi ule ule. Na katika mabaraza ya vyuo waketi pia watu waliochaguliwa na wafanyakazi, maana wao ndio wanaojua taruma gani limeoza.

Ndugu wanachama, hakuna hata moja katika mambo hayo linalotaka mwujiza. Yote yanataka subira na hesabu. Njia kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901, na waliochimba na kufa katika kazi ile wengi hawakupanda gari lililopita juu yake. Mtu anayepanda mbegu ya mhadhiri leo huenda hatakuwa na kiti serikalini siku mhadhiri huyo atakapoingia darasani. Hii ndiyo sababu wanasiasa huliacha jambo hili, na hii ndiyo sababu yafaa lishikwe na chama cha wafanyakazi. Chama hakingoji uchaguzi wa miaka mitano. Chama kimekuwapo kabla yao na kitakuwapo baada yao.

Tunaomba kila tawi lisome maneno haya katika mkutano wake, liyajadili, na pale yasipokubalika liseme wazi kwa nini. Tawi likikubali, na liandike barua kwa mbunge wake, kumwuliza jambo moja tu kwa kuanzia: katika makadirio ya mwaka huu, fungu la mwalimu, la maabara na la uchunguzi ni shilingi ngapi, na limelindwa na nani? Akijibu, barua ya jibu iletwe hapa ichapwe kila mtu aisome. Asipojibu, jina la tawi na tarehe ya barua vitachapwa vivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu, wafanyakazi wa reli.